Bodaboda za umeme: Betri ya pili si jawabu la kwanza

Bei ya petroli ilipovuka Sh211 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, wahudumu wengi wa bodaboda walianza kuwaza kuhusu umeme. Wenye uwezo walinunua pikipiki mpya. Wengine waliwaendea mafundi, wakang'oa injini za pikipiki zao kuukuu na badala yake wakatiwa mota na betri. Kilio cha kundi hili la pili ni kimoja: betri huisha kabla ya siku kuisha.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 huhifadhi wati-saa 2,880. Pikipiki ikila wati-saa 36 kwa kila kilomita, itakwenda kilomita 80. Mhudumu anayelipa kodi ya nyumba na karo kwa kazi hiyo huhitaji kilomita 100 au zaidi kwa siku. Kilomita 20 zinazopungua ni za abiria wa jioni, wakati ambapo nauli huwa nzuri.

Wengi hukimbilia kuongeza betri ya pili. Si wazo baya. Zipo pikipiki ambazo tangu kiwandani zimeundiwa nafasi ya betri mbili. Lakini betri ndicho kifaa ghali zaidi katika pikipiki ya umeme, na uzito wake huongeza mzigo ule ule unaoimaliza. Isitoshe, kuna hatari ambayo baadhi ya mafundi wa jua kali huichukulia kwa wepesi. Betri mbili zikiunganishwa sambamba ilhali moja imejaa na nyingine imepungua, ile iliyojaa humimina umeme kwa nguvu katika mwenzake. Nyaya huweza kuungua, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya maji. Hatari huzidi pale seli zenyewe zinapokuwa zimetolewa katika betri zilizotumika, bila kifaa cha kuzisimamia.

Kabla ya kufika huko, ni heri mtu aulize umeme alio nao huenda wapi. Sehemu kubwa huliwa na kasi. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka zaidi ya mara mbili. Magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha, breki zinazogusa hata zisipokanyagwa na mnyororo mkavu, yote hayo hunyonya betri kimyakimya. Matumizi yakishuka kutoka wati-saa 36 hadi 30, betri ile ile itafika kilomita 96. Ni umbali uliopatikana kwa pampu na mafuta ya mnyororo, pamoja na mkono mwepesi.

Milima haina huruma vivyo hivyo. Kutoka katikati ya Nairobi hadi Limuru ni kupanda takriban mita 500. Pikipiki, dereva na abiria wakiwa na uzito wa kilo 270, kuinua mzigo huo tu hugharimu wati-saa zisizopungua 360, yaani sehemu moja kwa nane ya betri, kabla ya kuhesabu umbali wenyewe wala hasara za mota. Wauzaji wa vifaa hupenda kusema kwamba umeme huo hurudi wakati wa kuteremka. Hurudi sehemu tu, tena iwapo mota na kidhibiti chake vimeundwa kwa kazi hiyo. Anayeanzia Limuru asubuhi na betri iliyojaa hapati chochote, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuuweka.

Hata hivyo, si haki kumwachia mhudumu mzigo wote. Mnamo 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilianzisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, ikiwa nafuu zaidi usiku. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Kayole huchaji kwa mita ya kawaida ya nyumbani, na nafuu hiyo haimfikii.

Kuna pia vituo vya kubadilishia betri, ambapo mhudumu huacha iliyoisha na kuondoka na iliyojaa kwa dakika chache. Kwa mtu wa aina hii, hivyo vingekuwa na faida kuliko betri yoyote ya pili. Kasoro ni kwamba kwa kawaida kila kampuni huhudumia pikipiki zake pekee. Umbo la betri, plagi na hata programu yake ni tofauti. Mwenye pikipiki iliyogeuzwa hupita mbele ya kabati lililojaa betri, yake ikiwa imebakisha asilimia tano, wala hawezi kutumia hata moja. Wizara ya Uchukuzi na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) zingeanza na plagi, kwani kuibadilisha leo, pikipiki zikiwa bado chache, ni rahisi kuliko baada ya miaka kumi.