Pango na Bango: Nani Anatishia Mikahawa ya Reykjavík?

Mwaka 2025 Starbucks ilifungua tawi katika mtaa wa Laugavegur, mtaa mkuu wa biashara wa Reykjavík, baada ya miaka mingi ya Aisilandi kutajwa miongoni mwa nchi chache za Ulaya zisizo na hata tawi moja la kampuni hiyo. Haki ya kutumia jina ilichukuliwa na Berjaya ya Malaysia, ambayo tayari ilikuwa na hoteli kisiwani humo. Kwa nchi yenye watu wasiofika 400,000, na karibu theluthi mbili yao wakiishi katika mji mkuu na viunga vyake, ujio huo umefufua swali la zamani: je, utamaduni wa kahawa wa taifa dogo unaweza kustahimili kishindo cha kampuni yenye maelfu ya matawi duniani? Wapo wanaoomboleza mapema, na wapo wanaosema hakuna jipya hapa. Naona pande zote mbili zinatazama bango lililo juu ya mlango na kusahau mkataba wa pango ulio mikononi mwa mwenye nyumba. Yaliyoipata migahawa ya kigeni nchini humo katika miaka 30 iliyopita yanaonyesha kwamba jina la kigeni lenyewe halijawahi kuua mkahawa wa Kiaislandi. Kodi ya pango, pamoja na masharti ya zabuni, ndiyo yenye uwezo huo.

Mwaka 1993 kampuni mbili za Kimarekani ziliingia Aisilandi: McDonald's na Domino's. McDonald's ilipokewa kwa heshima kiasi kwamba Waziri Mkuu, Davíð Oddsson, ndiye aliyekula Big Mac ya kwanza. Mwishoni mwa Oktoba 2009 migahawa yake yote mitatu ilifungwa, na mpaka leo haijarudi. Domino's bado ipo na inauza pizza kwa kasi. Wateja ni wale wale, uchumi ni ule ule, msukosuko ni ule ule; tofauti ilikuwa mahali bidhaa zilikotoka. Mwenye leseni ya McDonald's alilazimika kuagiza Ujerumani karibu kila kitu, nyama, jibini na mboga. Oktoba 2008 benki tatu kubwa za nchi, Landsbanki, Glitnir na Kaupthing, zilianguka ndani ya siku chache. Krona ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mbele ya yuro, na ushuru mkubwa wa mazao ya kilimo ukazidisha mzigo. Mmiliki alieleza kwamba kilo moja ya vitunguu kutoka Ujerumani ilimgharimu sawa na chupa ya wiski nzuri. Ili apate faida ya kutosha, ingembidi apandishe bei ya Big Mac kutoka krona 650 hadi karibu 780, na hapo ingekuwa ghali kuliko mahali pengine popote duniani. Akaamua kufunga, kisha akafungua mgahawa wake mwenyewe, Metro, katika majengo yale yale, akipika kwa mahitaji yanayopatikana nchini. Ndiyo maana siamini simulizi kwamba Waaislandi walimfukuza mgeni kwa uzalendo. KFC ipo huko tangu 1980, ilipoanzishwa Hafnarfjörður na mfanyabiashara mwenyeji, na jina lake la kigeni halijaizuia kudumu.

Kipimo hicho hicho, cha mahali gharama zinakotoka, kinafaa kwa kahawa, ingawa matokeo yake yanashangaza kidogo. Kahawa haioti Aisilandi. Kila punje ya buni hufika kwa kuvuka bahari. Mtu angetarajia mikahawa ife pamoja na baga. Haikufa, kwa kuwa buni ni sehemu ndogo ya bei ya kikombe. Kikombe cha kahawa ya maziwa kinabeba maziwa ya ng'ombe wa huko, maji ya huko, umeme wa maporomoko na wa mvuke wa ardhini, mshahara uliokubaliwa katika mkataba na chama cha wafanyakazi, na kodi ya chumba. Yote hayo hulipwa kwa krona. Fedha ya kigeni iko katika gramu chache za buni zinazosagwa, basi. Na ni mwaka huo huo wa 2008, ambao benki zilianguka, ndipo ilipoanzishwa karakana ndogo ya kukaanga kahawa iliyoitwa Kaffismiðja Íslands, ambayo leo ni Reykjavik Roasters. Biashara isingezaliwa katika mwaka ule na kudumu kama hesabu zake zingetegemea yuro kwa kila hatua.

Kulikuwa pia na mazoea yaliyokita mizizi kabla ya kampuni yoyote ya kigeni kufikiria kuja. Waaislandi hunywa takriban kilo 9 za kahawa kwa kila mtu kwa mwaka, kiwango kinachowaweka karibu na Wafini na Wanorwe walio kileleni duniani. Mgeni anayekaribishwa kahawa nyumbani huomba kwa unyenyekevu "tíu dropar", yaani matone kumi, na mwenyeji humjazia kikombe. Bia ilikuwa marufuku hadi tarehe 1 Machi 1989, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kikao cha mchana kilikuwa kikao cha kahawa, pembeni kukiwa na kleina, andazi la kusokotwa ambalo mtu wa Mombasa angelitambua mara moja. Juu ya mazoea hayo wenyeji walijenga kampuni zao: Te & Kaffi mwaka 1984, Kaffitár mwaka 1990, zote mbili zikikaanga buni wenyewe na kufungua tawi baada ya tawi. Dunkin' Donuts ilipofika Laugavegur mwaka 2015, ikiwa na mpango wa kufungua matawi 16, ilikuta soko limekwisha kushikwa. Miaka minne haikupita kabla ya tawi la mwisho kufungwa.

Hapa msomaji makini atauliza: kama Te & Kaffi nayo ina matawi, vibao vinavyofanana na vikombe vyenye nembo, kwa nini matawi yake yaitwe utamaduni na ya Starbucks yaitwe uvamizi? Swali ni la haki. Sidhani kwamba asili ya jina inatosha kuwa jibu. Mokka, mkahawa mashuhuri wa Skólavörðustígur uliofunguliwa mwaka 1958, ulianzishwa na mtu aliyekwenda Italia kusomea uimbaji akarudi na hamu ya kahawa ya huko. Mashine yake ya espreso ilikuwa ya kwanza nchini. Kinachohesabiwa leo kuwa urithi wa Reykjavík kilikuja kama kitu kigeni miaka 65 na ushei iliyopita. Tofauti ninayoiona iko kwingine, mahali kazi yenye ujuzi inapofanyika na mahali uamuzi unapofanywa. Anayekaanga kahawa mjini humo hufundisha vijana wa humo kukaanga, kuonja na kuchagua buni. Na fedha ikiyumba, mwenye duka anaweza kubadili muuzaji, kupunguza ukubwa wa kikombe au kupanga upya orodha ya vyakula bila kuomba ruhusa bara jingine. Mwenye leseni ya jina la dunia hana uhuru huo. Metro iliweza kununua nyama ya nyumbani siku ile ile ilipoacha kuitwa McDonald's. Kwa hiyo namtetea mkaangaji mwenyeji kwa sababu ya wepesi wake wa kuhimili dhoruba, na sioni haja ya kumpamba kwa sifa nyingine.

Lakini wepesi huo hauna kinga mbele ya mwenye nyumba. Mwaka 2010 Aisilandi ilipokea wageni wapatao nusu milioni. Kufikia 2018 walikuwa zaidi ya milioni 2.3, zaidi ya mara sita ya wenyeji. Kila mlango wa Laugavegur ukawa wa thamani mpya, na anayeuza mafulana na vinyago vya ndege puffin akaweza kulipa kodi ambayo muuza kahawa hawezi. Wenyeji wana jina la maduka hayo, "lundabúð", na hulitamka kwa uchungu. Mkahawa ni biashara inayohitaji mtu akae. Kiti kimoja na kikombe kimoja kwa saa nzima ndiyo huduma yenyewe. Kodi ikipanda, kitu cha kwanza kutolewa ni kiti. Kampuni kubwa ya kigeni inaweza kuvumilia hasara ya mtaa mmoja kwa miaka kadhaa, ikiichukulia kuwa gharama ya kujitangaza mbele ya watalii. Mwenye mikahawa mitatu hawezi. Hapo ndipo bango lenye jina kubwa linapopata nguvu: linaweza kununua muda.

Mfano ulio wazi zaidi uko nje ya mji, katika uwanja wa ndege wa Keflavík. Kwa miaka kadhaa Kaffitár iliuza kahawa kwa wasafiri pale. Mwaka 2014 Isavia, kampuni ya dola inayoendesha uwanja huo, iliitisha zabuni ya maduka na migahawa. Kaffitár ikashindwa, na sehemu kubwa ya huduma ya chakula ikaenda kwa Lagardère ya Ufaransa. Punde abiria wakawa wananunua kahawa chini ya jina la Segafredo la Italia. Kaffitár ilidai kuona nyaraka za zabuni, na ubishi huo ukafika mahakamani. Hakuna mteja aliyepiga kura pale, wala ladha haikushindanishwa mbele ya umma. Mlango unaopitiwa na karibu kila mgeni wa nchi ulibadilisha mikono kwa uamuzi wa chombo cha umma, na yeyote anayejali kahawa ya Aisilandi angefaa kujadili uamuzi wa namna hiyo kuliko rangi ya kibao cha Laugavegur.

Wapo watakaojibu kwamba si kazi ya dola kupendelea kahawa ya mtu, na kwamba Aisilandi, ikiwa mwanachama wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya tangu 1994, haiwezi kuwabagua wafanyabiashara wa Ulaya kwa uraia wao. Nakubali yote mawili. Ila zabuni ina vigezo, na vigezo huandikwa na watu. Chombo cha umma kinaweza kugawa nafasi katika vipande vidogo ili kampuni ndogo ziweze kushindana, badala ya kumkabidhi mshindi mmoja jengo zima. Kinaweza kuhesabu ubora, na kahawa iliyokaangwa karibu ni ubora unaoonjeka, sambamba na kiwango cha kodi. Jiji nalo lina kanuni za mipango zinazoweka mipaka ya aina za biashara katika ghorofa za chini za mitaa mikuu. Kanuni kama hizo hazimuulizi mtu pasipoti. Wengine watasema ushindani wa kampuni kubwa utashusha bei. Sioni utashushaje. Mishahara ni ya mikataba ile ile, maziwa ni yale yale, pango ni la mtaa ule ule, na buni, mahali pekee ambapo ukubwa wa kampuni ungeleta nafuu, ndiyo sehemu ndogo ya bei.

Buni hiyo, kwa upande wake, ina mtu aliyeichuma. Wakaangaji wadogo wa nchi za Kaskazini wamejijengea jina kwa kukaanga kidogo ili uchachu wa tunda usikike, na kahawa ya Kenya imependwa nao kwa sababu hiyo hasa. Baadhi huandika kwenye mfuko jina la kiwanda cha Nyeri au Kirinyaga ilikooshwa. Mikaango mikali ya kampuni kubwa huzika tofauti hizo, na mkulima ambaye tofauti yake haionjeki hana cha kudai bei ya ziada. Soko la Aisilandi ni dogo, kama tani 3,500 kwa mwaka ukizidisha watu kwa kilo 9, na haliwezi kumtajirisha mtu Nyeri. Hata hivyo chumba chenye mashine ya kukaangia mjini Reykjavík ni mahali pengine pamoja duniani ambapo jina la kiwanda chake linaweza kusomwa mezani. Mwenye chumba hicho hulipa pango kama wengine.