TUSIISHIE KUCHANGA MATOFALI



Tulipojenga sekondari ya kata tulifanya kazi kweli. Tulifyatua matofali, tukasomba mawe na mchanga, akina mama wakapandisha maji kutoka bondeni. Madarasa yakasimama. Halafu tukafanya nini? Tukakabidhi ufunguo, tukarudi nyumbani. Tangu siku ile shule inatuita kwa mambo mawili tu: mchango, au mtoto kafanya kosa.

Sasa tazameni matokeo yake. Msimu uliopita Ushirika wetu ulitafuta kijana wa kumsaidia karani kuandika vitabu. Vijana waliomaliza kidato cha nne tunao, wengine wanashinda kijiweni na pikipiki za watu. Waliokuja kujaribiwa walijieleza vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuiona leja. Stakabadhi ya mzani ikawashinda kuisoma, na stakabadhi hizo zimejaa nyumbani kwao, mama kazifunga kwenye pindo la khanga! Basi tukamchukua mtu wa mbali. Hatuna ugomvi naye, kazi anaiweza. Ila tulitoka kwenye kikao kile na aibu, maana kosa halikuwa la wale vijana.

Shuleni huwa kuna siku ya kuwaelekeza wanafunzi juu ya kazi za maisha. Wageni hutoka mjini: mtu wa benki, mganga, askari. Ni vema, na waje. Lakini mbona hatujamwona pale fundi wetu wa kumenya kahawa? Mbona hajaitwa mama anayejua ngoro?

Hebu tukumbushane. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto kutoka Japani, walipanda milima hii ya Umatengo. Walifika Kindimba na kwingineko. Walikuja kujifunza ngoro: jinsi nyasi zinavyofyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, jinsi udongo unavyochimbwa katikati na kufunikia zile nyasi, shimo likabaki la kushika maji ya mvua ili mteremko usiporomoke. Wasomi wakubwa walisimama mbele ya wazazi wetu wakiuliza na kuandika. Watu wametoka Japani! Na mtoto wetu wa sekondari, anayepita kando ya shamba hilo hilo kila asubuhi, anafundishwa mmomonyoko wa udongo kwa picha ya kitabuni. Jambo hili haliingii akilini.

Mkoa wetu wa Ruvuma si mgeni wa elimu ya namna hii. Kule Litowa, upande wa Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji mwanzoni mwa Uhuru, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika jumuiya iliyoitwa RDA. Shule ya Litowa ilikuwa ya msingi, si sekondari, lakini ilikuwa ya vijiji vyenyewe. Watoto walijifunza hesabu na sayansi kwa mambo ya shamba na ya kijiji chao, na wanakijiji walikuwa na sauti juu ya kinachofundishwa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Sisi viongozi wa Chama hatupendi sana kulitaja hilo, lakini limetokea, na vijana walijue.

Tunajua watakalosema wazazi: "Nimempeleka mtoto shule ili aepukane na jembe, ninyi mnamrudishia!" Wana haki ya kusema hivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakusema jembe liwe adhabu, lakini mahali pengi likawa adhabu. Mtoto kachelewa, kalime. Mtoto hakujibu swali, kalime, na shamba lenyewe mazao yake huyaoni. Sisi tunaoandika haya ni miongoni mwa walioikimbia shule kwa ajili hiyo. Kusoma tulikuja kujua tukiwa na watoto wetu, darasa la jioni la watu wazima, na kitabu chetu cha kwanza hasa kilikuwa stakabadhi ya kahawa. Mwalimu alisema kila mtu aje na yake. Usiku ule ndipo mmoja wetu alipogundua kwamba mnunuzi wa magoma alikuwa amemwandikia kilo pungufu misimu miwili mfululizo. Hakuna aliyesinzia darasani siku ile.

Kwa hiyo hatuombi watoto waje kutubebea magunia. Tunataka waje wawili wawili, pamoja na mwalimu, siku za mizani. Wakae na karani, wafungue leja, waulize hata deni letu la pembejeo limetoka wapi. Waende kwenye kinu waone kwa nini kahawa mbichi ikichanganyika na mbivu inatushushia daraja. Waende kwa seremala, kwa fundi cherehani, kwa fundi pikipiki. Wasichana nao waende kwenye mashine, wasipelekwe jikoni kupika chai ya wageni. Na mara moja kwa mwaka washuke kwa ndugu zetu wa Ziwa, Mbamba Bay au Liuli, waone usipa unavyoanikwa na kuuzwa, na boti inavyoundwa. Lami sasa inafika Mbamba Bay, hatuna kisingizio.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mkondo wa amali katika baadhi ya shule. Wengine wanasema tungoje karakana ya Serikali. Tuiombe, ndiyo. Lakini ghala, kinu na leja havingoji karakana.

Liko suala la fedha, tusifichane. Fundi akiacha kazi yake nusu siku anapoteza. Tumependekeza Ushirika utoe chakula cha mchana cha mafundi na nauli ya safari ya Ziwa kutoka mfuko wa elimu. Nusu ya Kamati imekataa, inasema mfuko ni wa madawati. Sisi tunaona dawati bila kazi mbele yake ni benchi la kungojea pikipiki. Wanachama ndio wataamua.

Jambo hili litazungumzwa Jumamosi ya mauzo, mbele ya ghala, mizani ikishafungwa. Mkuu wa shule amekubali kuja. Mwenye fani yoyote aandikishe jina kwa karani. Akina mama wa ngoro waandikwe wa kwanza, na asiyejua kuandika jina lake aje darasa la jioni Jumatano, tutaliandika pamoja.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji