Ukungu Katika Kioo cha Gari
Masika yameingia, na asubuhi tuwapelekapo watoto shule, kioo cha mbele cha gari hufunikwa na ukungu kabla hatujafika barabara kuu. Wengi wetu hukipangusa kwa kiganja au kwa ncha ya mtandio, gari likienda. Hilo ni hatari: mafuta ya mkono hubaki kiooni, na mtoto wa jirani avukaye njia haonekani.

Ukungu huo ni mvuke wa pumzi zetu na wa nguo zilizorowa, ugusao kioo kilichopoa ukageuka matone. Dawa yake ni kuikausha hewa. Tuwashe kiyoyozi, hata kama hatutaki baridi, kwani ndicho kiondoacho unyevu. Tuongeze joto kidogo, tuelekeze upepo kiooni, na tuingize hewa ya nje badala ya kuizungusha ile ile ya ndani. Mwavuli uliorowa tuutie butini.

Ukungu ukiwa upande wa nje, kioo kimepozwa mno: tupunguze baridi, tuwashe waipa.

Na kabla kioo hakijatakata, gari lisiondoke. Kuchelewa dakika mbili ni kheri kuliko majuto ya umri mzima.