"Kufikika" na "Kujipanga": Mtenda Yuko Wapi?

Wapo wahakiki wanaodai kuwa Sheng ya mitaa ya Eastlands haina msamiati wa malengo. Ati Kiswahili Sanifu peke yake ndicho chenye "malengo yanayofikika". Dai hili halina mashiko. Kauli ya kutendeka haimkubali mtenda: twasema "lengo limefikiwa na wakazi", wala hatusemi "limefikika na wakazi". Ndiyo maana waandishi wa mipango ya maendeleo huipenda: lengo hufikika, aliyepaswa kulifikia hatajwi.

Kijana wa Kaloleni au Dandora husema "najipanga". Kirejeshi -ji- humrudisha mtenda, na pamoja naye kipimo, kwani ajipangaye hukadiria kwanza uwezo wake. Dandora yalijua hilo: mradi ulioidhinishwa mwaka 1975 ulitoa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na maliwato, sehemu kubwa ya vyumba waliachiwa waliogawiwa wajijengee.

Hata hivyo, tusiipambe Sheng. "Jipange" ikitamkwa na mwenye mamlaka huwa njia ya kukwepa wajibu. Swali la mhakiki, basi, si neno lipi ni sanifu, bali kila neno lamficha nani.