Poland: gaz inashuka ku karatasi, chini ya shimo inapanda

Ndugu wachimbaji, na jamaa zenu wenye kutungojea ku nyumba kila mwisho wa poste,

Kila mwaka inchi za Ulaya zinaandika hesabu ya gaz zenye zinatoka kwao na kuingia hewani. Katika hesabu ya Poland, mustari wa metani unashuka tangu miaka ya 1990, na wakubwa wanaufurahia. Sisi wa syndicat tuliisoma na macho ya mutu mwenye anashuka na cage asubuhi. Tuliona mistari miwili, si mumoja.

Metani ni ile gaz wazee wetu walijifunza kwa jina la grisou. Haina rangi, haina harufu. Imelala ndani ya makaa ya mawe tangu zamani sana, na mukivunja jiwe inatoka. Ikifika kati ya 5 na 15 kwa mia ya hewa, cheche moja inatosha. Hapa kwetu ku shaba na cobalt hatuizoei. Wenye walifanya kazi ya makaa, kule Luena ao Lukuga pembeni ya Kalemie, ndio wanaweza kutufundisha. Na ikitoka inje inapasha dunia moto: ukihesabu kwa miaka 20, tani moja ya metani inapasha zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya gaz carbonique.

Sasa, juu ya nini mustari wa Poland ulishuka? Si kwamba mutu fulani alivumbua mashini ya ajabu. Serikali ya kikomunisti ilianguka mwaka 1989. Wakati ule inchi ilikuwa na migodi ya makaa karibu 70 na wafanyakazi karibu 390,000. Leo migodi iko karibu 20, na wafanyakazi hawafiki 80,000. Hata ngombe zilipunguka, juu mashamba ya serikali yalikufa: kutoka milioni 10 mwaka 1990 mpaka karibu milioni 5 na nusu mwaka 2002, na ngombe pia inatoa metani. Basi sehemu kubwa ya hewa ile safi ililipwa na watu wenye walirudia nyumbani mikono mitupu.

Mufano ni Wałbrzych, muji wa wachimbaji katika Silesia ya Chini. Migodi yake yote ilifungwa katika miaka ya 1990. Kazi nyingine hakukuwa. Wanaume wakachukua piki na ndoo, wakaanza kutoboa mashimo yao wenyewe ndani ya pori na pembeni ya nyumba, bila ruhusa, bila miti ya kutosha ya kushikilia udongo, wakiuza makaa kwa gunia. Wapolandi wanayaita biedaszyby, ni kusema mashimo ya umaskini. Wamoja walifunikwa na udongo humo. Tukisoma habari hii, hatukuhitaji mutu atufasirie. Wakati kampuni kubwa ya hapa kwetu ilianguka, creuseurs walitoka wapi?

Ule ni mustari wa kwanza. Mustari wa pili hauonyeshwi sana ku télévision.

Mwaka 2000 Poland ilitoa tani milioni 102 za makaa ya mawe, na migodi ikatoa metani karibu metre cube milioni 747. Mwaka 2017 makaa yalikuwa yameshuka mpaka tani karibu milioni 65. Gaz ilipaswa kushuka pamoja nayo, si ndiyo? Ilipanda mpaka karibu milioni 948. Pigeni hesabu: mwaka 2000 kila tani ya makaa ilikuja na metre cube 7 na kidogo, mwaka 2017 ilikuja na zaidi ya 14. Mara mbili. Kisha 2017 gaz yote kwa jumla ilianza kupunguka, juu migodi mingine ilifungwa, lakini gaz ya kila tani haikurudia vile ilikuwa.

Sababu ni urefu wa kushuka. Makaa ya karibu yamekwisha. Kila mwaka wanashuka tena metre kadhaa. Sehemu nyingi zimepita metre 800, nyingine zimepita 1000. Kule chini makaa yanashika gaz mingi zaidi, na jiwe lenyewe linasukuma na nguvu. Ni kusema: migodi michache, watu wachache, lakini kila mumoja wao anasimama karibu na gaz mingi kuliko baba yake.

Tarehe 21 Novemba 2006, ku mugodi wa Halemba, watu 23 walikufa metre 1030 chini. Walikuwa wanatosha mashini katika sehemu yenye ilikuwa inafungwa. Kati ya wale 23, 15 walikuwa wa kampuni ya sous-traitance. Tunaomba musome tena namba hii, nyinyi wenye badge yenu haina rangi sawa na badge ya wengine. Tarehe 20 Aprili 2022 metani ililipuka ku Pniówek. Wasaidizi walipoingia kutafuta wenzao ikalipuka tena. Wote pamoja ni 16 wenye tunahesabu, na 7 kati yao walibakia ndani wakati sehemu ile ilifungwa na ukuta. Siku tatu nyuma, ku Zofiówka, udongo ulitetemeka, metani ikajaa, watu 10 wakafa.

Na Pniówek si mugodi wa ovyo. Tangu mwaka 2000 wanavuta metani yake na mabomba, wanafanya nayo umeme, na wanapoza hewa ya chini. Gaz ileile yenye inaua inatumika kupoza mutu mwenye anatoka jasho kule chini. Kazi nzuri kabisa. Lakini katika migodi ya Poland mabomba yanakamata karibu theluthi moja tu ya gaz. Yenye kubakia inatoka na aérage, imechanganyika na hewa nyingi, chini ya 1 kwa mia. Ni nyepesi sana kwa kuwaka, na inaenda juu.

Hapo ndipo sheria ya Union européenne iliingia. Mwishoni mwa 2021 walipendekeza kwamba mugodi usitoe ku aérage zaidi ya nusu tani ya metani kwa kila tani 1,000 za makaa. Syndicats za Poland zilipiga kelele: hii ni kufunga migodi kwa mulango wa nyuma. Walisikilizwa. Sheria yenye ilipita mwaka 2024 inasema tani 5 kuanzia 2027, na tani 3 kuanzia 2031, kwa makaa ya kuunguza. Yale ya kuyeyushia chuma yana utaratibu wake. Tulipima kwa hesabu zetu za 2017: toa theluthi yenye mabomba yanakamata, inabakia karibu tani 6 na nusu. Basi hata 5 si zawadi.

Tunawaheshimu sana wenzetu wale, lakini kuna jambo moja hatukubaliane nalo. Walipigania sana namba ya gaz yenye kutoka inje. Sisi tungesema kwanza: ongezeni mabomba, vuteni gaz mbele ya kuvunja makaa. Yenye imevutwa mapema haitamulipukia mutu, na haitatoka bure hewani. Hapo mwenye kulinda hewa na mwenye kulinda muchimbaji wanaomba kitu kimoja, na patron hawezi kuwagonganisha.

Lakini ku mambo ya kufunga, walifanya vizuri kutupita. Tarehe 28 Mei 2021, kule Katowice, syndicats na serikali walisaini mapatano: migodi ya makaa ya kuunguza itafungwa mumoja mumoja mpaka 2049. Katika mapatano yale ya 2021, mwenye alikuwa anafanya chini na amebakisha miaka 4 ao chini ya hapo mbele ya pension, aliweza kupumzika na kulipwa 80 kwa mia ya mushahara. Mwenye alitaka kuondoka aliahidiwa zloty 120,000. Imeandikwa na kusainiwa mbele ya kufunga, si kisha. Hapa kwetu mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa shaba walisaini départ volontaire. Ni nani kati yetu hana muzee ku parcelle mwenye angali anahesabu franga zenye anasema hakupata?

Mutu atauliza: sisi na makaa ya Poland, wapi na wapi? Pembeni ya Wrocław, katika province ileile ya Wałbrzych, leo kuna kiwanda kikubwa cha betri za magari. Betri za namna hizo zinaomba cobalt, na zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inachimbwa hapa. Mustari wao ukishuka, kuna mustari wetu wenye unapanda: tani, na urefu wa kushuka. Nasi tunashuka. Kwetu si grisou sana. Ni moshi ya mazout, vumbi, na joto.

Kwa hiyo ku mikutano ya comité d'hygiène et de sécurité, délégués wetu wa migodi ya chini wasikubali tena karatasi moja yenye wastani wa kampuni nzima. Waombe carnet ya aérage, galerie kwa galerie, poste kwa poste, na majina ya sous-traitants wenye walikuwa ndani siku ile.