Mmisionari asiyeshuka kwenye ndege

DIRISHA LA JUMAPILI
Na Samweli Kihampa

Februari 1971, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Mchungaji John Gatu, alisimama mbele ya Wakristo wa Kimarekani mjini Milwaukee akawaambia jambo ambalo wenyeji wake hawakulitegemea: wamisionari warudi kwao, walau kwa miaka mitano. Hakuwa na ugomvi nao. Alitaka pande zote mbili zipate nafasi ya kutazamana upya, bila mmoja kuwa mlezi wa mwenzake siku zote. Mei 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilikutana Lusaka, likaichukua hoja hiyo na kuongeza kwamba fedha nazo zisimame. Kelele zilipigwa Ulaya na Marekani. Hata huku kwetu wapo waliomwona Gatu kama mtu anayekata tawi alilolikalia. Hoja ikafifia polepole, kwa sababu hata wengi walioipigia makofi waliogopa kuijaribu.

Huwa namkumbuka Gatu nikiona jinsi somo la misioni na utandawazi linavyofundishwa. Silabasi nilizowahi kuziona ni nzuri. Mwanafunzi anasoma mkutano wa Edinburgh wa 1910, anasoma Lausanne 1974, anaelezwa kwamba mwaka 1900 Wakristo wa Afrika hawakufika milioni 10 na leo wamezidi milioni 600. Anaandika insha kwamba kitovu cha Ukristo kimehamia kusini. Anafaulu, anabarikiwa, anapangiwa kituo. Kisha anaingia kwenye kikao chake cha kwanza cha bajeti, na hapo ndipo anakutana na utandawazi ana kwa ana, katika safu ya mapato iliyoandikwa "marafiki wa nje".

Mimi ningependa somo lianzie kwenye karatasi hiyo.

Chukua Januari 2025. Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Nairobi kuna shirika la dawa liitwalo MEDS, lililoanzishwa na makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, mwaka 1986. Ghalani mwake zilikuwamo dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, zimeshalipiwa, zimeshavuka bahari, zimeshapangwa. Zikakaa. Wagonjwa walikuwa wanahesabu vidonge vilivyobaki, zahanati zinapiga simu, lakini kibali na fedha za kuzisambaza vilikuwa Washington. Ghala ni la kanisa, kufuli ni la serikali ya mbali. Simlaumu mtu wa MEDS hata mmoja. Walifanya kazi ambayo serikali zetu zilishindwa kuifanya kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba siku ile tulijua nani hasa ana funguo, na tulijua kwa kushtukizwa.

Wakati wa Gatu jambo lilikuwa rahisi kidogo. Mmisionari alikuwa na sura, nyumba ya mawe kilimani na Land Rover. Ungeweza kumwambia kwaheri. Wa leo hashuki kwenye ndege. Yumo ndani ya mshahara wa mratibu wa mradi, ndani ya masharti ya ruzuku, ndani ya lugha ambayo ripoti lazima iandikwe kwayo. Humwambii arudi kwao maana hakuja.

Na historia imeshatufanyia jaribio la Gatu, tena mara mbili, kabla yeye hajalitamka. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, Waingereza waliwaondoa Tanganyika wamisionari wa Kijerumani: wa Leipzig kule Kilimanjaro, wa Berlin katika Nyanda za Juu Kusini, wa Bethel Usambara na Buhaya. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti, wengi wao wakiwa hawajabarikiwa uchungaji. Walifundisha, walizika, waliamua kesi za ndoa, walijenga. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta makanisa yaliyo hai na viongozi ambao hawakuwa tayari tena kuitwa wasaidizi. Vita ya pili ikawaondoa tena, na Walutheri wa Kimarekani wa Augustana na Waswidi wakashika sehemu ya mzigo.

Kati ya vita hivyo viwili ukatokea Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda. Alikuwamo Mwingereza, Dk. Joe Church, pamoja na Simeoni Nsibambi wa Uganda, lakini waliousambaza hadi Kenya na Tanganyika walikuwa watu wa kawaida waliosafiri kwa miguu na malori, wakilala kwa ndugu. Hakuna aliyeandika andiko la mradi.

Lakini tusijidanganye kwa historia hiyo. Kilichoumia wamisionari walipoondoka ni shule na zahanati. Imani ilijitegemea, taasisi hazikuweza. Nadhani hapo ndipo mjadala wetu unapopotea kila mara, kwa sababu tunazungumzia "kanisa kujitegemea" kana kwamba ibada ya Jumapili na chumba cha upasuaji vinagharimu sawa. Ibada tunailipia wenyewe, kwa bahasha, kwa mnada wa mavuno baada ya ibada, siku hizi kwa M-Pesa. Chumba cha upasuaji hakijawahi kulipiwa na mnada wa kuku na ndizi, na sioni haya kulisema. Hiyo ni kazi ya kodi na bima. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na hospitali teule za makanisa zimekuwa zikipokea watumishi na ruzuku kutoka serikalini kwa miongo mingi. Askofu anayetaka kuona hospitali yake ikitoka kwenye kufuli la Washington apige hodi Dodoma kwanza kabla ya kwenda kutafuta mfadhili mwingine Seoul.

Mahubiri nayo yana mambo yake. Kuanzia 1963, Shirikisho la Kilutheri Duniani liliendesha redio kubwa kutoka Addis Ababa, Sauti ya Injili, na vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi. Fedha ilikuwa ya nje, lakini sauti ilikuwa yetu. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitaifisha. Leo mshirika wa Singida anasikiliza mahubiri ya Lagos na Atlanta kwenye simu kabla hajafika kanisani, na mchungaji wake anajua hilo, ndiyo maana ameanza kubadilisha hata namna ya kushika kipaza sauti. Bando limeshusha bei ya kupokea. Kutengeneza cha kwetu, kwa studio na watu waliofunzwa, bado ni ghali, na ni makanisa machache yanayokiwekea fungu.

Safari nazo zina upande. Mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba Wamarekani milioni 1.6 husafiri kila mwaka katika misioni za muda mfupi. Mwaka 2024, kwa kuingia Tanzania, Mmarekani alilipa dola 100 za viza. Mwaka huohuo mchungaji wa Iringa aliyealikwa na marafiki wa Minnesota alilipa dola 185 zisizorudishwa, alipanda basi hadi Dar es Salaam, na alieleza dirishani mshahara wake ni kiasi gani na nini kitamfanya arudi nyumbani. Tunaambiwa kwamba misioni sasa inatoka kila mahali kwenda kila mahali. Inatoka, ndiyo. Kufika ni habari nyingine.

Yapo majaribio ya kweli. Misioni ya Wuppertal, Ujerumani, ilijigeuza mwaka 1996 ikawa umoja ambamo makanisa ya Afrika na Asia ni wanachama wenye kura, na wachungaji kutoka Tanzania wamekwenda kuhudumu katika sharika za Kijerumani. Hilo nalipongeza bila kusita, ingawa kura na fedha havijakaa upande mmoja wa meza.

Nguvu ya fedha huonekana pale pande zinapotofautiana. Mwaka 2009 Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa za jinsia moja. Januari 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa Tamko la Dodoma kupinga, na mwaka 2013 kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia likavunja uhusiano na Waswidi kabisa. Msomaji ana msimamo wake juu ya suala lenyewe. Swali langu ni la kihasibu: kanisa linalotaka kusema hapana, au hata kusema ndiyo kwa hiari yake, lingejua kesho yake asubuhi ni zahanati gani itakosa mshahara?

Napendekeza kila mkutano mkuu wa dayosisi upewe ukurasa mmoja. Upande wa kushoto, kila huduma. Katikati, sehemu ya gharama yake inayotoka nje. Kulia, nini kitafungwa fedha hiyo ikikatika kwa siku 90. Wanafunzi wa theolojia waukusanye katika dayosisi zao, na iwe ndiyo tasnifu yao ya misioni.

Najua jibu litakalotolewa: tutawatisha wafadhili. Hawatatishika, kwa sababu takwimu hizo wanazo. Zinatumwa Uppsala, Wuppertal na Chicago, kwa Kiingereza safi, na majedwali yake. Ambaye hajawahi kuziona ni mzee wa kanisa anayehesabu bahasha baada ya ibada, na yeye ndiye atakayeulizwa mlango wa zahanati ukifungwa.