Josho na Mizani Vitangulie Fahali

Kandokando ya Ghuba ya Winam, kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na Siaya, kuna wazo linalopata wafuasi upesi: ng'ombe wetu ni wadogo, waletwe mafahali wa Sahiwal na Boran ili nyama iongezeke. Kwa kilo peke yake, hoja hiyo ina nguvu. Jike wa zebu wa Winam akikomaa huwa na kilo 200 hadi 250 hivi. Jike wa Boran hufikia 400, na fahali wake aliyelishwa vizuri hupita 600. Mimi naunga mkono kuchanganya damu. Ninachopinga ni fedha za umma kuanzia kwa fahali.

Tuangalie walikotoka hao tunaowatamani. Boran ni ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wenye ranchi za Laikipia walianza kumchagua na kumboresha katika miaka ya 1920, wakaunda chama chao mwaka 1951, na kufikia miaka ya 1990 viinitete vyake vilikuwa vikisafirishwa hadi Australia. Sahiwal asili yake ni Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Aliingia Kenya kuanzia mwaka 1939, na kundi la taifa likawekwa Naivasha miaka ya 1960. Wamaasai wa Trans Mara wamemchanganya na zebu wao kwa mafanikio, wakiwa na malisho mapana. Umbo tunalolitamani lilijengwa kwa vizazi vya kuchagua, kuogesha na kulisha. Mbegu inanunulika Kabete kwa siku moja. Hayo mengine hayauzwi pamoja nayo.

Zebu wa Winam naye si wa kudharauliwa. Vinasaba vya zebu wa Afrika Mashariki vinaonyesha kwamba nundu na damu ya kiume vilitoka Asia, ilhali ukoo wa majike ni wa ng'ombe wa kale wa Afrika. Kwa hiyo anayesema kuchanganya ni kuharibu ng'ombe wa asili hajui asili yenyewe. Lakini ona kilichobaki katika mchanganyiko huo wa kale: mama wa hapa, aliyekwisha kuzoea maradhi ya hapa.

Maradhi yenyewe ni makali. Kuanzia mwaka 2007 watafiti walifuatilia ndama 548 wa zebu magharibi mwa Kenya, kuelekea Busia, kila mmoja tangu kuzaliwa hadi kukaribia mwaka. Walikufa 88, na muuaji mkubwa alikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio. Ndama waliokuwa na damu ya ng'ombe wa Ulaya waliugua zaidi kuliko wenzao. Sahiwal na Boran ni zebu pia, hawawekwi kapu moja na Friesian. Hata hivyo, ikiwa ndama wa kienyeji wanakufa kiasi hicho, mkulima anayetarajia chotara wa bei kubwa anahitaji josho kabla ya kitu kingine chochote. Majosho mengi yalikufa miaka ya 1990, serikali ilipopunguza huduma za mifugo na kuyaachia jamii bila fedha za dawa.

Halafu kuna nyasi. Ng'ombe hula kila siku chakula kikavu cha karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Wa kilo 250 atatosheka na kilo sita hivi. Wa kilo 450 anadai kumi na moja. Huko Nyando, upande wa Kisumu, penye mashamba madogo, mafuriko msimu huu na udongo uliopasuka msimu ujao, ng'ombe hufungwa kamba kando ya njia na kumalizia na mabua ya mahindi. Mnyama mkubwa mwenye njaa hukonda, hachukui mimba, na hana nguvu za kuvuta plau. Mdogo angalau anamaliza kiangazi akiwa hai.

Jambo linaloniuma zaidi ni soko. Katika minada mingi ya ukanda huu bei bado hukatwa kwa macho. Dalali humzunguka ng'ombe, humpapasa nundu na mgongo, hutaja bei, na muuzaji mwenye kuwaza karo ya shule hukubali. Kilo hamsini alizoongeza kwa mwaka mzima wa kulisha zinaweza kupotea katika dakika hiyo moja. Mizani ya mifugo kila mnadani, na bei ya kilo ikiandikwa ubaoni, itamfanya mfugaji atafute fahali bora mwenyewe, bila kuhimizwa na mtu.

Wapo watakaosema wafugaji vijana hawawezi kungoja josho lijengwe. Ni kweli, na wenye malisho na dawa waanze leo. Wapewe Sahiwal, kwa sharti kwamba rekodi zitunzwe. Chotara wa kizazi cha kwanza hufanya vizuri sana. Akipandwa ovyo na fahali yeyote wa jirani, ubora huo hupungua na baada ya vizazi vichache hakuna ajuaye ana ng'ombe gani. Na chotara wa kizazi cha kwanza hupatikana tu pale palipo na majike wa zebu halisi. Kaunti za ghuba zishirikiane kuweka kundi la zebu wa Winam katika shamba la umma, lenye wataalamu na daftari la uzazi, kabla majike hao hawajageuzwa wote kuwa chotara wasio na rekodi.